Sikio la Komando

Vumilia alipigishwa magoti saluni, mbele ya wanawake waliokuwa na rola vichwani, kwa kosa ambalo hakulifanya. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine ila kumwona Theodosia naye chini.

Wazazi wake ni watu wa Nyarusange, Burundi, lakini yeye alikulia Tanzania, kambini kwanza, kisha Kigoma mjini, alikofanya kazi za ndani kwa daktari wa mifugo. Huko ndiko alikojifunza kutunza mbwa na paka: kuwaosha bila maji kuingia masikioni, kufungua mafundo ya manyoya kwa vidole kabla ya kuchana, kukata kucha bila kugusa mshipa. Familia iliporudi Burundi, shamba la nyumbani halikutosha watu wote, akaenda Gitega kutafuta kazi. Theodosia alikuwa na saluni ya wanawake mtaa wa Magarama, na chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Mji ulikuwa umeanza kujaa watu wakubwa pamoja na mbwa wao. Wakaelewana.

Kazi ilishika haraka. Mbwa aliyependwa kuliko wote alikuwa Komando, kanishi mdogo mweupe wa manyoya ya kujikunja, mali ya Nazario, mfanyabiashara wa kahawa. Jina lilikuwa la vita, lakini mwenyewe aliogopa hata kuku. Mezani kwa Vumilia alilala chali, akanyolewa tumbo huku anasinzia.

Jumamosi moja maji yalikatika. Vumilia akachukua madumu akaenda kuchota kwa jirani, akamwacha Komando mezani na fundo moja kubwa nyuma ya sikio. Nazario akapiga simu kwamba yuko njiani. Theodosia hakupenda kumsubirisha mteja kama yule. Akashika mkasi mwenyewe, akalikata fundo, na ncha ya sikio ikaenda nalo.

Vumilia aliporudi alikuta damu hadi ukutani.

“Shika,” Theodosia alisema, akimtia mkasi mkononi. “Fanya haraka, mfunge sikio.”

Akaupokea, kwa sababu mbwa alikuwa analia na yeye hakufikiria jingine. Hivyo ndivyo Nazario alivyomkuta.

“Angalia huyu rapatriye wangu, huyu wa kurudi kutoka Tanzania, mzee,” Theodosia alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. “Nilimukataza mkasi, hasikii. We! Piga magoti, umuombe mzee pardoni.”

“Si mimi. Mimi nilikwenda kuchota maji.”

“Unanibishia mbele ya watu?”

Vumilia alimtazama Salama, msusi, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote. Salama aliangalia chini. Nazario alingoja tu. Basi Vumilia akapiga magoti, na mwanamke mmoja akainua simu, akarekodi.

Kesho yake, Jumapili, video ilifika Nyarusange. Fabiano, baba yake, alionyeshwa mbele ya kanisa na vijana waliokuwa wanacheka. Vumilia alipokwenda nyumbani, mzee alikula chakula chake bila kumwangalia. Wiki iliyofuata Vumilia akapanda basi kwenda Muyinga, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Muyinga alipata banda nyuma ya nyumba ya Layla, mke wa muuza vitambaa. Sharti lilikuwa moja.

“Paka aingie hata sebuleni,” Layla alimwambia. “Lakini mbwa, non. Sisi tuko Waislamu. Mbwa atabaki inje ya uzio.”

Paka akawaoshea uani, mbwa akawaoshea nyuma ya uzio, kando ya migomba. Watu wakamzoea. Ila kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, aliitazama ile video tangu mwanzo hadi mwisho. Alizijua sauti za waliocheka. Alijua rangi ya viatu vya Theodosia.

“Dada, futa iyo kitu,” Layla alimwambia siku moja. “Itakukula moyo.”

“Nitaifuta nikipata nyingine.”

Mwaka wa pili, Nazario alihamia Muyinga ili awe karibu na mashine zake za kahawa. Mtu akamwelekeza kwa mwosha mbwa. Kabla Nazario hajamtambua Vumilia, Komando alikuwa amesharuka kutoka mikononi mwake, amemkimbilia, anamlamba miguu, sikio lake lililokatika likipepea.

Nazario alitazama lile sikio, kisha uso wa Vumilia.

“Mi nilijua atakuogopa,” alisema.

“Mzee, kuna mtu anamwogopa. Si mimi.”

“Kwa nini hukusema siku ile?”

“Nilisema. Hukunisikia.”

Mzee alivua kofia, akaikunja mikononi. Angeweza kumpigia Theodosia simu na kumtukana, na mambo yakaishia hapo. Vumilia hakutaka hivyo. “Twende Gitega,” alimwambia. “Jumamosi, saluni ikiwa imejaa. Usiniamini kwa maneno.”

Walisubiri hadi mafuta ya gari yalipopatikana, wakaenda kupitia Karuzi. Komando alilala mapajani mwa Vumilia njia nzima. Waliposhuka mbele ya saluni, mbwa akaanza kutetemeka. Mkono wa Vumilia ulikuwa juu ya mbavu za mbwa na alisikia moyo wa mnyama unavyokwenda mbio. Angeweza kurudi garini. Akamkumbatia kwa nguvu zaidi, akaingia naye.

“Mzee Nazario! Karibu sana!” Theodosia alisema. Alipomwona aliyembeba mbwa, uso ukabadilika.

“Nataka umupunguze manyoya kando ya sikio,” Nazario alisema. “We mwenyewe. Hapa hapa.”

Wateja walikuwa wanatazama. Theodosia akachukua mkasi, na Vumilia ndiye aliyemweka Komando mezani, ndiye aliyemshikilia asishuke. Theodosia aliufungua mkasi mara moja tu. Kwa mlio ule mbwa alipiga yowe kama mtoto, akajinyea, akamng'ata Theodosia kidole, akajitupa chini na kutambaa hadi chini ya kiti.

“Mbwa iko na wazimu,” Theodosia alisema, ameshika kidole. “Hiyo inaonyesha nini?”

“Ni we ulimukata.” Aliyesema hivyo alikuwa Salama, kitana bado mkononi. “Mi niliona. Nilinyamaza, niliogopa kufukuzwa. Ni we.”

Theodosia akamgeukia Nazario. “Mzee, tuongee pembeni.”

“Hapana. Ulimupigisha mtoto wa watu magoti mahali hapa.”

Theodosia alishuka taratibu, goti moja, kisha la pili. Vumilia akatoa simu.

“Sema jina lako,” alimwambia. “Sema nani alikata sikio la mbwa huyu.”

Theodosia alisema, machozi yakimharibia poda. Wateja wawili walicheka, na kicheko kile Vumilia alikipokea kama tonge baada ya kufunga siku nzima. Hakumwambia ainuke.

“Yatosha, mwanangu,” Nazario alisema.

Vumilia aliendelea kurekodi.

Garini, alinyoosha mikono kumchukua Komando. Mbwa akarudi nyuma, akajibana miguuni mwa Nazario, akabaki huko hadi Muyinga.

Video mpya ilizunguka kuliko ya kwanza. Fabiano alipiga simu na kuzungumza na binti yake karibu saa nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aondoke. Saluni ya Magarama ilifungwa. Inasemekana Theodosia yuko Mutaho, anauza sabuni na chumvi. Komando bado analetwa kuoshwa, lakini sasa mke wa Nazario lazima amshike kichwa, na mwili mzima unamtetemeka chini ya mikono ya Vumilia. Vumilia huongea naye polepole, humwekea kipande cha nyama. Mbwa hata hainusi.

“Ungerudia tena?” Layla alimuuliza, wakimtazama Komando anavyovutwa kwa kamba kuelekea kwenye beseni.

Vumilia alifikiri huku akipima joto la maji kwa kiwiko.

“Mbwa ningemwacha nyumbani,” alisema. “Ningetafuta njia nyingine. Lakini yule mwanamke angepiga magoti.”