Noël Iliyokatazwa Nyantende

Mama alinipigia simu mwanzoni mwa Desemba akasema, "Furaha, mwaka huu Noël haiko. Mubaki kule kwenu." Akakata. Papa alikuwa amefariki wakati wa kiangazi, na tangu mazishi Mama alikuwa anaishi peke yake kijijini Nyantende, hacheki, hataki mgeni. Haya, mimi ni mtoto wake, na kichwa kigumu nimekirithi kwake. Nikamwambia mume wangu, Didier: tunaenda. Nilitaka jambo moja tu, Mama asikae peke yake siku ya Noël, Krismasi, kwenye ile nyumba.

Nyalukemba, mtaa wetu wa Bukavu, siku chache kabla ya Noël, tulipakia gari asubuhi: mchele, nguo mpya za watoto, nguo yangu ya misa. Halafu nikakumbuka kasiksi. Kwetu Bushi, Noël bila pombe ya ndizi ni siku kama zingine, na kila mwaka Papa ndiye aliyeikamua. Basi, tutanunua Kadutu. Aibu gani hiyo, kutoa kasiksi mjini kuipeleka kijijini kwenye migomba! Lakini tungefanya nini?

Kadutu, sokoni, mama mmoja alitujazia bidon, dumu la njano, akaiziba kwa majani makavu. "Muiache ipumue, bado iko nachemka," alisema. Didier hakusikia, alikuwa anafunga kuku nyuma ya gari. Yeye ni mtu wa Kisangani, kasiksi haijui, na gari lake analipenda safi. Nilipogeuka kununua chumvi, alitoa yale majani akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote.

Baada ya kupita mtaa wa Panzi barabara ilikuwa matope matupu, gari linaruka kama mbuzi. Lakini vilima vile, we! Hata ukiwa na msiba moyoni utaviangalia tu: maharagwe, migomba, moshi wa jikoni juu ya kila mteremko. Nilikuwa nawaonyesha watoto shamba la Papa kwa mbali wakati kitu kilipolipuka nyuma yetu, pwaa! Grâce, binti yetu, akapiga kelele, "Tunakufa!" Kasiksi ilikuwa kwenye dari, kwenye mchele, kwenye nguo mpya, kwenye miwani ya Didier.

"Nani alifunga hii bidon?"

Didier alivua miwani akaanza kuifuta.

"Papa Grâce, niko nakuuliza!"

"Nilizani itamwangika," alisema.

Ikamwagika, basi.

Nyantende, mchana. Mama alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cheusi, mikono kiunoni. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza, lakini kabla sijafungua mdomo harufu ilimfikia. Alimtazama Didier kuanzia nywele mpaka viatu.

"Mukwe, munatoka ku nyumba ao ku nganda ya pombe?"

Nikamweleza. Mama akashika mlango, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, nami nikalia naye palepale kwenye matope.

Alipojifuta uso alisema, "Kuyeni." Akatupeleka nyuma ya jikoni, akaondoa udongo na majani. Ndani ya shimo kulikuwa na ndizi, zimeiva, za njano, mikungu mizima. "Papa yenu alifukiaka ndizi hii wiki, kila mwaka," alisema. "Na mimi nikafukia tu. Hata sikujua ni za nani." Mungu wangu, Mama! Ametukataza kuja, na huku anaivisha ndizi!

"Sasa nani atakamua?" nikauliza.

Alimnyooshea Didier kidole. "Ule mwenye alimwanga kasiksi."

Mchana ule ule majirani walikuja kutazama mkwe amekunja suruali mbele ya mama mkwe, mikono imezama kwenye ndizi na majani. "Finya!" Mama alimwambia. "Uko unabembeleza mutoto?" Maji aliyatia mwenyewe bila kupima, unga wa mtama uliokaangwa pia, akafunika vyote kwa majani ya migomba na blanketi la Papa. Nilimwangalia nikamheshimu upya. Miaka yote nilidhani kazi ile aliijua Papa peke yake.

Siku ya Noël tulienda misa tunanuka ndizi, familia nzima, na tuliimba kuliko watu wote. Tuliporudi uwanja ulijaa majirani. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, na hiyo ilikuwa kazi ya Papa. Didier alimpa Mama kibuyu cha Papa kwa mikono miwili. Niliogopa, nikajua atakirudisha na kuingia ndani. Akanywa, akafumba macho.

"Maman, iko sawa na ya Papa?" Didier aliuliza.

"Hapana. Ya papa yenu ilikuwa mubaya." Machozi yalikuwa yanamtoka, na anacheka. "Miaka yote nilikuwa nakunywa tu juu ya kumupenda."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Tulipoondoka kurudi Bukavu, Mama alitujazia bidon akaiziba kwa majani mwenyewe. "Mukwe, usiiguse." Nilikuwa nimetoka mjini nikidhani nampelekea Mama Noël, kumbe alikuwa nayo, amekosa tu wa kumsaidia kuitoa. Gari lilipoanza kutembea alinijia dirishani.

"Mwaka kesho mukuye mapema," alisema. "Kufukia nitafukia, lakini sitakamua."