Nilichonyamazia kwenye Bodi ya Barafu

Jumapili ndiyo siku inayonishinda. Zamani nilikuwa nikirudi kutoka misa ya pili, naweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, jikoni, na kabla haijaiva rafiki yangu ameshafika kutoka Mahoko, ameshavua viatu mlangoni, ameshaanza kunipa habari za soko. Anauza vitenge pale Mahoko. Tulikulia mtaa mmoja kule Goma, tukarudi Rwanda mwaka mmoja pamoja na wazazi wetu, tukaolewa tukipishana miezi michache tu. Mume wangu alipofariki, na binti yangu wa pekee alipokwenda kuishi Kanada, nilibaki naye. Wengi hapa Gisenyi wananijua kwa jina na kwa kazi niliyofanya. Yeye alijua kwamba siwezi kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa, na alijua sababu yake.

Nilikuwa mhasibu wa shule ya sekondari mpaka nilipostaafu. Wakati ule wauza samaki wa Rubona, kando ya ziwa, walikuwa wamechoka kununua barafu ya mbali, inayofika nusu yake imeshakuwa maji. Watu kadhaa wakaungana, wafanyabiashara, mwalimu mmoja na mwenye mitumbwi, wakaanzisha kampuni ya kutengeneza barafu, yenye chumba baridi cha kuhifadhia samaki karibu na bandari. Hisa zikauzwa kwa yeyote aliyetaka. Nilichukua sehemu ya pensheni yangu, sehemu ambayo hata ikipotea yote ningeendelea kula na kulipa umeme, nikanunua. Kabla ya kuweka sahihi nilisoma katiba ya kampuni mwanzo hadi mwisho, nimekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, na mahali nilipokuwa sielewi nikaenda kuuliza.

Baada ya miaka michache, kwenye mkutano mkuu, mwanamume mmoja alisimama nyuma ya ukumbi akasema, “Ule mama wa hesabu, tumuweke kwenye bodi.” Watu wakapiga makofi. Nilipandishwa mbele nikiwa bado nimeshika chupa ya soda. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nyumba yangu ilikuwa kimya sana, na kumbe kulikuwa na watu waliokuwa wakiniona.

Rafiki yangu alikuja wiki ile ile, na bahasha.

“Na mi nataka aksiyo,” alisema. Hivyo ndivyo tunavyoziita hisa huku.

“Umesoma makaratasi yao?”

“Nisome nini, na we uko mule ndani?”

“Soma, dada. Mi niko mutu moja tu kwenye ile meza.”

“Moja inatosha,” akasema, akacheka, akanyanyua kifuniko cha sufuria kuangalia kama sombe imeiva.

Miaka ya kwanza kampuni ilikwenda vizuri. Gawio lilitoka, na yeye akapanua meza yake ya vitenge ikawa duka lenye mlango. Wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale Rubona, ambao wengi wao walikuwa wamenunua hisa moja moja, walianza kuniita Mama Barafu. Watu niliokuwa nikipishana nao bila salamu sasa walinisimamisha njiani. “Mama, kampuni yetu iko muzuri?” Nilijibu kwamba hesabu zitasomwa kwenye mkutano. Walicheka wakidhani natania. Polepole nilielewa walichokuwa wakikiona kwangu. Walinichagua nimsimamie meneja na nisome kwa makini kila anacholeta mezani, lakini mioyoni mwao nilikuwa dhamana: maadamu mama yule yupo, faida ipo.

Kikao kilichobadilisha mambo kilikuwa alasiri, ofisini kwetu Rubona, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa. Meneja alitueleza kwamba mashine kubwa ya kugandisha, ile tuliyoinunua kwa mkopo wa benki, ilikuwa na kasoro iliyomshinda fundi wetu, kwamba fundi mwingine ameitwa kutoka Kigali, na aliyetuuzia alikuwa amekataa kuwajibika. Msimu wa kufunga uvuvi ulikuwa unakaribia. Tungeweza kumaliza mwaka bila faida, pengine miwili. Tungeweza hata kufunga.

Mwenyekiti wetu, mzee mpole aliyewahi kuwa hakimu, alitutazama mmoja mmoja.

“Fundi wa Kigali akisha kuja, tutajua ukweli wote,” alisema. “Pale tutaita mukutano, na wenye aksiyo wote watasikia siku moja. Mbele ya ile siku, hakuna mutu mwenye atasikia. Hata bibi yako nyumbani. Hata padiri.”

Nilikubaliana naye, na mpaka leo nakubaliana naye. Habari kama ile ikimfikia mmoja kabla ya wengine, atakwenda kumuuzia jirani yake hisa huku akijua anamuuzia hasara. Sisi tulikuwa tumewekwa pale kwa ajili ya wote, yule mwenye hisa nyingi na yule muuza sambaza mwenye moja.

Jumapili iliyofuata rafiki yangu alifika mapema, uso unang’aa. Hakukaa hata kidogo kabla ya kuanza.

“Kuna papa moja, muzee wa pale Mahoko, anahamia Kigali, anauzisha aksiyo zake zote za barafu. Zote! Mutoto wangu amemaliza masomo, ile pesa ya masomo iko huru. Nataka nichukue zote.”

Nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kuvikata.

“Niambie tu,” alisema. “Ninunue ao nisinunue?”

“Siwezi kukujibu.”

“Kwa nini?”

“Juu niko kwenye bodi. Mambo ya bodi sisemi, hata kama iko muzuri, hata kama iko mubaya. Ngojea mukutano. Na hata bila mukutano, usiweke pesa yako yote fasi moja.”

“Wee, unaongea kama mutu wa benki.” Alinisukuma begani. “Kama ingekuwa mubaya ungeniambia.”

Nilimwangalia. Nilitamani kichwa changu kitikisike chenyewe bila mimi kukiamuru. Nilikuwa nimeshasema siwezi kujibu. Kila neno ambalo ningeongeza lingekuwa jibu.

“Usinunue kwa sababu yangu,” nilisema mwishowe.

“Bon. Basi nanunua kwa sababu yangu,” akajibu, akacheka sana, akaomba chumvi.

Alinunua. Yule aliyemuuzia hakujua lolote, alikuwa kweli anahama. Nami nilipitisha majuma yale nikimngoja fundi wa Kigali kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Jumapili rafiki yangu alipokuja tuliongea habari za arusi ya mpwa wake na kitenge tutakachoshona wote wawili. Nilikuwa nashukuru anapoondoka. Hilo lilikuwa halijanitokea maishani.

Mkutano uliitwa kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa kwa sababu walidhani wanaitiwa gawio. Mwenyekiti hakuzunguka. Alieleza habari za mashine, mkopo na fundi, akasema mwaka huu hakuna gawio na mwaka ujao haijulikani. Kelele zikapanda. Mwanamume mmoja wa ofisi ya serikali akasimama juu ya benchi.

“Tuliwachagua muchunge mali yetu! Sasa munatuambia nini?”

“Tuliichunga,” mwenyekiti alisema. “Tulimuita fundi, na ule mwenye kutuuzia tumemupeleka mbele ya wanasheria. Lakini kuchunga haiko sawa na kuahidi. Hakuna mutu hapa mwenye aliahidiwa faida.”

“Iliandikwa wapi?”

“Kwenye karatasi yenye uliweka sinyatire.”

Alikuwa na haki, lakini ukumbi haukutaka haki saa ile. Nilikuwa nimekaa mezani pamoja na wajumbe wenzangu, macho yangu yakimtafuta mtu mmoja. Alikuwa safu ya mbele, mikono ameifunga ndani ya kitenge chake. Kelele zilipopungua alisimama. Hakumtazama mwenyekiti, alinitazama mimi.

“Mulijua tangu wakati gani?”

Mwenyekiti alifungua mdomo. Nikamwomba nijibu mwenyewe.

“Tangu mbele ya Kwaresima,” nilisema.

Aliinama, akahesabu majuma mpaka siku aliyonunua, nikaona midomo yake inavyotembea. Kisha akachukua mkoba wake na kutoka ukumbini, wala hakuubamiza mlango.

Jumapili hakuja. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Katikati ya juma nilikwenda Mahoko. Ilikuwa siku ya soko, duka lake lilikuwa na wateja, nikangoja nje karibu na mwanamke anayeuza nyanya mpaka walipotoka. Hakunipa kiti. Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama dukani kwake.

“Ungeniambia neno moja,” alisema akikunja kitenge. “Moja tu. ‘Acha.’”

“Nikikuambia we ‘acha’, ule papa anabakia na hasara yake, na hajui. Na wale wamama wa sambaza, nani angewaambia?”

“Mi siko mama wa sambaza. Mi niko dada yako.”

“Najua.”

“Hapana, haujui. We unazani nilinunua barafu? Barafu ni maji. Mi nilinunua we.”

Nilimwambia kwamba nilimsihi asome. Nilimwambia kwamba nilimwambia asiweke pesa yote mahali pamoja. Yote yalikuwa kweli, na kadiri nilivyosema ndivyo sauti yangu ilivyozidi kufanana na ya mwenyekiti. Mteja akaingia, akauliza bei ya kitenge cha maua ya manjano. Rafiki yangu akamgeukia kwa tabasamu lile lile ninalolijua, akaanza kukikunjua. Nikaondoka.

Nilidhani angalau wengine wataona kwamba nilitenda sawa kwa wote. Nilikosea. Wiki chache baadaye nilishuka Rubona kununua sambaza, na mama mmoja, mwenye hisa yake moja, akaniambia usoni bila hasira:

“Nyie wakubwa mulishajulishana, mukauzisha mapema. Sisi njo tulibakia na maji.”

“Mi sikuuzisha hata moja.”

“Basi rafiki zako.”

Ningeweza kumweleza kwamba rafiki yangu ndiye aliyenunua zaidi, akaumia zaidi, kwa sababu sikumjulisha. Lakini habari ile haikuwa yangu kuitangaza sokoni. Nilinunua samaki wangu, akanipimia vizuri, hata akaongeza konzi moja juu. Jina la Mama Barafu sikulisikia tena.

Nilimaliza muda wangu kwenye bodi. Wanasheria walipata suluhu, mashine ikatengenezwa kwa gharama ya aliyetuuzia, kampuni ikapumua. Gawio lilirudi likiwa dogo. Nilipoombwa kugombea tena nilisema nimechoka, na ilikuwa kweli. Nimebaki na hisa zangu zile zile. Nilijua hatari yake tangu siku ya kwanza, hakuna niliyemlaumu.

Yeye pia hakuuza. Hilo lilinishangaza. Kila mkutano mkuu anafika mapema, anakaa mbele, ripoti ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Mwaka uliopita alimwuliza meneja kwa nini gharama ya umeme imepanda wakati barafu iliyouzwa ni ile ile. Meneja akajibu juu juu. Akamwuliza tena. Mara ya tatu meneja akatoa jasho, mwenyekiti mpya akaahidi kuleta maelezo kwa maandishi, na wauza sambaza wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Nilitaka kumgeukia mtu wa jirani nimwambie, “Ule ni rafiki yangu.” Jirani yangu alikuwa kijana nisiyemfahamu, anaangalia simu yake.

Wakati wa soda tulikutana kwenye meza. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe mbele, amekataa kuzipaka rangi.

“Bonjour, mama,” alisema, kama anavyowasalimu wote.

“Bonjour. Uliuliza muzuri.”

“Ulisoma ile ukurasa ya umeme?”

“Nilisoma.”

“Na uliona nini?”

“Niliona yenye uliona.”

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akanisogezea kifungulio cha soda. Kisha mtu akamwita kutoka upande wa pili wa ukumbi, mmoja wa wale wanaotaka agombee bodi mwakani. Akachukua fanta yake, akaenda.

Sijui kama atakubali kugombea. Namtakia akubali, maana ataifanya kazi ile vizuri kuliko mimi. Pia naogopa kwa ajili yake, kwa sababu najua siku moja mtu anayempenda atakaa jikoni kwake na kumwuliza swali, na sina njia ya kumwambia hilo.

Nilirudi kwa miguu kwa njia ya ziwani. Watoto walikuwa wanaogelea karibu na ufuo, mama zao wanawaita watoke. Nilinunua parachichi mbili, nikaingia ndani, nikafungua madirisha. Nilikuwa nakula binti yangu alipopiga simu, uso wake umejaa kioo cha simu, nyuma yake theluji.

“Mama, mkutano ulikuwaje?”

“Ulikuwa mzuri.”

“Ulikaa na nani?”

“Watu walikuwa wengi,” nilimwambia, nikamwuliza kama huko kwao baridi imepungua.