Mwanangu aliangukia mtaro wa MCA, wazee wakapokea mbuzi wakasema yameisha

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa dini nyingine habari zenu huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita kimya kimya, nacheka na nyinyi, nalala. Leo naandika kwa sababu kifua kimejaa. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Garissa, si ya kusimuliwa. Nikitia chumvi, mods waniondoe na sitarudi.

Niko na watoto wawili. Form four nilimaliza, chuo sikwenda, nikaolewa. Mume wangu ni dereva wa lori la Mandera, siku nyingi ukimpigia hapatikani. Kwa hivyo nyumbani tuko mimi, watoto, na mama mkwe wangu ambaye wote tunamwita Ayeeyo, yaani bibi.

Sasa MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Sitamwonea. Taa za solar alileta. Barabara ya kuingia bulla yetu, yaani mtaa wetu, aliimwagia murram. Kura yangu alipata.

Halafu akaja na mtaro wa maji ya mvua.

Mvua ya huku haina adabu. Miezi mnakula vumbi, halafu siku moja inashuka yote, maji yanakufuata mpaka chini ya kitanda. Kwa hivyo siku ya uzinduzi tulipiga vigelegele kwelikweli. Sheikh akaomba dua, mheshimiwa akakata utepe, picha zikaenda Facebook. Sisi akina mama tukapika pilau.

Tingatinga likachimba. Mtaro mrefu, kina chake kinanifika kifuani, kuta za mawe na simiti, kazi safi. Juu wakaacha wazi.

Na mtaro wenyewe unapita katikati ya nyumba zetu na dugsi, ile madrasa ambapo watoto wote wa bulla wanasoma Qur'ani.

Nilimuuliza kontrakta, "Na mifuniko?"

"Hiyo ni phase two, mama."

"Phase two ni lini?"

"Muulize mheshimiwa."

Watoto wakawa wanavuka juu ya mbao ambazo mafundi waliziacha. Binadamu huzoea chochote.

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi, watoto wakiwa dugsi. Ilipopungua mwalimu akawaachilia. Mimi nilikuwa mlangoni na mdogo mgongoni, namngoja Hibaq, binti yangu mkubwa. Mkubwa wa jina tu, hata shule hajaanza.

Maji yalikuwa yamejaa mtaro yakalingana na barabara. Huwezi kujua wapi ni njia wapi ni shimo. Zile mbao zilikuwa zimeshaondoka na maji.

Nikaona loox yake, kile kibao cha kuandikia aya, kinaelea. Peke yake.

Wakuu, sikumbuki kama nilipiga kelele. Jirani wanasema nilipiga.

Aliyeruka ni muuza maji wa mkokoteni wa punda. Alimkuta mbele kidogo, hijab yake imenasa kwenye rundo la taka lililoziba mtaro. Takataka! Uchafu ambao kaunti imekataa kuzoa ndio ulinishikia mtoto. Akatapika maji, akanyamaza, halafu akalia. Sijawahi kupenda kelele ya mtoto namna ile.

Sasa ngojeni sehemu inayoniwasha.

Nilidhani mheshimiwa atatuma mafundi. Akatuma wazee.

Kwa wasiojua, sisi huku tuna maslaha. Mtu akimkosea mwenzake, wazee wa pande mbili wanakaa, wanasikizana, anayekosa anatoa mnyama, Fatiha inasomwa, watu wanakula, na jambo limekufa. Ukiligusa tena, wewe ndiye mkosaji. Ni desturi nzuri, imezima visasi vingi, siitukani.

Lakini mtaro?

Walikuja na mbuzi dume, mafuta yamemjaa, na sukari, na majani ya chai. Wakakaa na Adeer Bashir, ami yake mume wangu, ndiye mzee wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia chai. Hakuna aliyeniuliza hata kama mtoto amelala vizuri.

Nikasikia mmoja anasema, "Mheshimiwa hakuchimba kwa ubaya. Ni qadar ya Allah. Ameona aibu, ametutuma."

Adeer Bashir akasema, "Tumepokea. Hii maneno imekwisha."

Nikaingia na birika.

"Adeer, imekwisha vipi na shimo liko wazi?"

"Shimo ni ya serikali. Sisi tunaongea ya mtoto."

"Mtoto aliangukia wapi, kwenye mkeka?"

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Adeer hakucheka. "Weka chai, rudi jikoni. Mume wako nitamwambia mimi."

Wakasoma Fatiha. Wakaagiza mbuzi achinjwe. Wakauliza kisu.

Ayeeyo alikuwa kwenye mkeka wake kona ya jikoni. Akaitika kwa sauti, "Kisu hakionekani!"

Nilikiona. Alikuwa amekikalia.

Wazee wakasema basi, achinjwe kesho baada ya swala ya adhuhuri, na wao watarudi kula. Walipotoka Ayeeyo akaniambia kwa Kisomali, na mimi nawatafsiria: "Nyama ikishaingia mdomoni, mdomo hauna kazi nyingine. Amka mapema."

Kwetu ukila umekubali. Asipoliwa, bado mna maneno.

Asubuhi nikamfungua mbuzi, nikasimamisha tuktuk.

Dereva akaniangalia. "Abaayo, dada yangu, huyu analipa kama mtu mzima ama nimhesabu mtoto?"

"Huyu ni mgeni wa MCA. Endesha."

"Wallahi akijisaidia humu utaosha wewe."

Alijisaidia. Nilimpa pesa ya kuosha, hayo tuyaache.

Ofisi ya wadi ilikuwa imejaa watu wa kuomba bursary, msaada wa karo. PA wa mheshimiwa, yaani msaidizi wake, kijana mmoja wa suti inayombana, akasimama. "Mama, soko la mifugo liko kule."

"Nalijua. Nimewaletea phase two yenu."

Watu wakaangua kicheko. Nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza ya PA. Nikasema mbele ya wote, huyu mbuzi aliletwa nyumbani kwangu ili nisiulize mifuniko. Sikumla. Kwa hivyo nauliza: mifuniko iko wapi?

PA akasema, "Unamwaibisha mheshimiwa."

Nikamwambia, mtoto wangu alitapika maji ya mtaro mbele ya bulla nzima, na hamkuona aibu.

Kufika nyumbani, video ilikuwa imeshanitangulia WhatsApp. Adeer Bashir hakunisalimia. Alimpigia mume wangu, safari hii simu ikashika. Mume wangu akaniuliza swali moja tu, "Hibaq anakula?" Nikasema anakula. Akasema sawa. Huyo ndiye mwanaume niliyeolewa naye, namshukuru Mungu.

Siku chache baadaye pickup ikaleta mafundi na slebu za zege. Nikasema alhamdulillah, kelele imezaa.

Wakafunika mbele ya mlango wangu. Kutoka ukuta wangu mpaka ukuta wangu. Wakapanga vyombo.

Nikawauliza, na huku kwingine? Na pale dugsi?

Fundi akasema, "Tumeambiwa kwa yule mama wa mbuzi tu."

PA akanipiga picha nimesimama juu ya slebu, sijui hata alitokea wapi. Jioni iko Facebook: mheshimiwa asikiliza kilio cha mama. Chini watu wanapiga makofi. Na jirani zangu, wanawake walionishika nikilia siku ile, wakaanza kuniambia, "Wewe si umeshapata yako?"

Mmeona ujanja? Ni maslaha ile ile, safari hii mbuzi ni wa zege. Mtaro wa umma umefanywa ugomvi kati yangu na mheshimiwa, halafu wakaumaliza mlangoni kwangu.

Nilikaa na hiyo kitu kama mfupa kooni. Halafu nikaenda kwa wale wale jirani, nikawaambia slebu zangu ziende dugsi, nikamwita na yule muuza maji na mkokoteni wake. Tukatafuta vyuma. Tukang'oa slebu za mlango wangu, moja moja, nzito kama dhambi, vidole vikachubuka. Tukaenda kuzilaza pale dugsi, mahali watoto wote wanavukia. Hazikutosha kufunika yote, lakini njia ipo, wanavuka kwa miguu mikavu.

Mbele ya nyumba yangu kuko wazi tena. Mlango unakaa na komeo, na nikitoka nimebeba wote wawili.

Jana PA akapiga simu. Eti nimeharibu mali ya umma, na chief ananitaka kesho. Sasa hivi ndiyo imekuwa mali ya umma! Ilipokuwa shimo ilikuwa bahati yangu mbaya.

Adeer Bashir anasema atakwenda kwa niaba yangu, wanaume waongee, yaishe. Nimemwambia hapana, adeer, nitakwenda na mdomo wangu. Akina mama wa dugsi wamesema hawaniachi niende peke yangu. Tutaona wangapi wataamka.

Nilichojifunza ni hiki. Maslaha ni ya watu waliokoseana. Shimo haliombi msamaha, linangoja mtoto mwingine. Kiongozi akikuletea zawadi nyumbani kwa kazi ambayo alipaswa kuifanya barabarani, jua amenunua kimya chako, na bei wanalipa watoto wa jirani.

Mnaosoma sheria humu: mtu anaweza kushtakiwa kwa kuhamisha mfuniko kutoka mlangoni kwake kupeleka kwenye njia ya watoto? Nijibuni kabla ya kesho asubuhi.

Na nyinyi wanaume wa kwetu mlio humu, nawajua, msije inbox kunishauri ninyamaze. Semeni hapa hapa, watu wasome.