Mkutano wa Saa ya Ndege

Mkutano waliuitisha saa moja asubuhi, mpunga umeiva. Madibira, jamani! Saa ambayo ndege wale, kwelea kwelea, wanamiminika na kila mwanamke yuko shambani anapiga kelele kuwafukuza. Nilipofika ofisi ya kijiji nikakuta wanaume watupu.

Mimi ni mtu wa Kalenga. Madibira kaolewa mdogo wangu, na binti yake wa miaka kumi alikuwa analala peke yake kwenye kibanda cha shambani ili awawahi ndege alfajiri, kama watoto wengine wa pale. Msimu uliopita mtoto wa jirani yao alibakwa kwenye kibanda cha namna hiyo. Wazee wa pande mbili wakakaa, mbuzi akachinjwa, wakayamaliza nyumbani, basi. Tangu hapo nimekuwa kiguu na njia, Kalenga na Madibira, nikidai sheria ndogo ya kijiji: mtoto asilale shambani, na kesi kama ile iende polisi.

"Hoja yako haina watu," mtendaji wa kijiji akasema. "Tuiahirishe."

"Watu wapo, wako majarubani! Jua likiwa kali ndege wanatulia, watakuja. Wasubirini."

Mzee mmoja akaguna, akanisalimu Kihehe. "Kamwene, mgeni. Umetoka Kalenga kuja kutufundisha kulea?"

"Kulea gani huko, mzee wangu? Mtoto analinda mpunga, yeye nani anamlinda?"

Kukaa sikuweza, nilizunguka lile jengo mpaka mtendaji akasema namtia kizunguzungu. Lakini walisubiri. Saa saba wanawake wakaja, tope hadi magotini, wengine sauti zimekauka kwa kelele za asubuhi. Mdogo wangu ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Mwishowe hata yule mzee akanyoosha, nusunusu. Nililia, sioni aibu kusema.

Mtendaji akatangaza kwamba imepita, sasa inakwenda kata, kisha halmashauri, na wakiridhia ndipo itaanza kutumika. Nikamuuliza lini. Akasema tuwe na subira.

Jioni nikamkuta mdogo wangu anamfungia binti yake ugali wa kwenda nao kibandani. Loh!

"Si umenyoosha mkono wewe?"

"Nimenyoosha, dada. Lakini huyu mtoto mchanga mgongoni ana homa, siwezi kulala naye shamba, na baba yao yuko Igawa. Ndege watanisubiri?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, blanketi begani, ananiangalia.

"Mama mkubwa, hiyo sheria inaanza lini?"

"Leo," nikamwambia.

Nikamvua blanketi, nikachukua ule ugali, nikaenda kibandani mimi. Kwenye tuta la mfereji watoto walikuwa wananipita, kila mmoja na blanketi lake, wakiniamkia kwa adabu.