Mishono Miwili ya Mwisho

Mlinzi wa ofisi ya serikali alinipigia simu Jumatatu saa nne asubuhi. "Njoo umchukue mjomba wako. Tulidhani amesinzia kwenye benchi, kumbe ametangulia."

Nilikaa sakafuni nikamtaja Mungu. Kisha hasira ikanishika, na mpaka leo haijaniachia. Benchi lile mjomba alilikalia kila Jumatatu kwa miaka tisa, akidai ushahidi wake usomwe hadharani.

Alikuwa fundi viatu, na mdomo wake haukuwa na breki. "Dada, huu si unyayo, ni jembe!" alizoea kumwambia mteja, na mteja alicheka na kurudi tena. Kila soli aliimalizia kwa mishono miwili iliyopandana, ili mlalamishi asimsingizie kazi ya fundi mwingine.

Enzi za ubaguzi, watu wa rangi yetu hatukuruhusiwa kukanyaga mitaa ya juu bila kibali. Watu wakachoka, wakaandamana. Kumi na mmoja wa mtaa wetu hawakurudi, mama yangu akiwa mmoja wao. Serikali ikatangaza kwamba wametorokea ng'ambo. Nilikuwa na miaka sita. Mjomba akanichukua, akanilea, na shuleni nikaitwa mtoto wa mtoro.

Utawala ulipoanguka, tume ikafukua machimbo ya kokoto. Mifupa haikuwa na majina, ila viatu vilikuwepo. Mjomba akaitwa. Alivigeuza kimoja kimoja, akipapasa mshono kwa kidole gumba.

"Hiki cha mwalimu wa hesabu, alikanyagia upande. Hiki cha muuguzi." Cha mwisho alikipakata. "Hiki cha dada yangu. Nilikishona wiki ileile ya maandamano."

"Mzee, viatu vyote vinafanana," akasema karani.

"Kwako unayekanyaga watu, ndiyo."

Tume ikavunjwa kabla ya ripoti, kwani baadhi ya wakubwa wa zamani walikuwa wamebadili makoti tu na kurudi kwenye viti vyao. Maneno ya mjomba yakafungiwa kabatini. Katika daftari la serikali, mama yangu aliyelala kwenye kokoto bado ni mtoro.

Siku ya mazishi, ofisi ileile ilimtuma bwana mmoja mwenye shada na hotuba. Akasafisha koo. "Marehemu alikuwa mtu mtulivu, aliyesamehe na kusahau..."

"Kusahau nini?" Mke wa mjomba aliinuka, na fimbo yake ikainuka naye. "Mwanangu, hiyo karatasi irudishe mfukoni. Humjui huyu. Mtulivu? Mimi nimeishi naye miaka arobaini!"

Watu wakacheka huku wakilia. Mungu husamehe, hilo naliamini. Lakini sijasoma popote kwamba husahau damu.

Nikatoa nakala ya ushahidi wa mjomba, iliyokaa miaka yote kwenye sanduku lake la zana na bado ilinuka gundi. Nikaisoma yote, kiatu kwa kiatu. Baada ya kila jina watu wa jamaa yake waliitika, "Ni wetu." Jina la mama lilikuwa la mwisho. Nikaitika mwenyewe.

Kisha tukaomba. Wanaume wanne wakamteremsha, tukatupia udongo kwa mikono, na wao wakamalizia kwa koleo.