Jinsi Jezi za Strungi Zilivyopata Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninuse jezi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetoka Nyamira na sanduku la bati, nikitarajia kupewa kikapu cha kuchumia majani ya chai kama dada yangu aliyenitangulia hapa Kericho. Badala yake nilipelekwa kwenye stoo nyuma ya kiwanda. Huko nilimkuta Injinia, Mskoti mrefu mwenye masikio mekundu, msimamizi wa mashine zote za chai. Alitoa jezi nyeupe kwenye boksi akaisukuma mpaka puani mwangu.

"Nusa," akasema. "Sikia nini?"

"Sabuni, bwana."

"Hapana. Iko makaa ya mawe. Iko mvua. Iko baba yangu."

Nilidhani mzungu amechanganyikiwa. Baadaye nikaelewa. Boksi lile lilikuwa limetoka Skotilandi, katika mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe alikozaliwa. Lilikuwa na jezi kumi na tatu za pamba nzito, zilizovaliwa na timu ya mji huo zamani, naye ameziomba ili timu ya shamba letu ianze nazo. Ndani ya kila kola kulikuwa na jina la aliyeivaa, limeandikwa kwa wino mweusi. Namba kumi na moja iliandikwa SANDY. Huyo ndiye baba yake.

Kazi yangu ikawa kuzifua, kuzishona na kuzilinda. Aliyenikabidhi rasmi ni Afisa wa Ustawi, ambaye sote tulimwita Welfea. Alikuwa mtu wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikakata, na kitabu cha majina hakikutoka mfukoni mwake.

"Kemunto, unafanya kibarua mpaka fainali ya kombe," aliniambia. "Jezi zikiwa sawa siku hiyo, naandika wewe pamanenti, unapata nyumba. Zikiharibika, unarudi kwenu na hiyo sanduku yako."

Nyinyi vijana mnaovaa jezi nyepesi zinazokauka mkiwa bado mnapiga domo, hamjui kazi ilivyokuwa. Tope letu jekundu ukilianza kwa maji moto, umelipika ndani ya kitambaa, halitoki tena. Kwanza maji baridi, jezi zilale humo mpaka zilainike. Halafu sabuni ya mche, na kola nilizisugua kwa vidole tu. Mwisho ni bluu, ile dawa ya unga iliyotiwa kidogo kwenye maji ya kusuuza ili cheupe kiwe cheupe kweli. Dawa ya kung'arisha nguo ilikuwa marufuku, maana ingekula wino wa majina. Injinia aliniambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu alipiga goti ili nielewe.

Kukausha ndiko kulikuwa kisirani. Huku mvua hunyesha kila siku saa kumi, utadhani ina zamu. Ndipo nikagundua dari la kunyaushia majani. Majani mabichi yakitoka shambani hutandazwa kwenye vitanda virefu vya waya, na feni hupuliza hewa ya uvuguvugu kutoka chini mpaka yalegee. Nikaomba kitanda kimoja tupu. Jezi zilikauka kabla sijamaliza kikombe changu, zikatoka na harufu ya majani.

Mvua ilipoanza, Injinia alikuwa akija stoo, anakaa juu ya sanduku la chai, nami napiga pasi. Hapo ndipo nilipoujua mpira wa Skotilandi bila kuvuka hata Nakuru. Alisema klabu za kwao hazikuanzishwa na matajiri. Moja ilianzishwa na mtawa aliyetaka kulisha watoto wa maskini, nyingine na vijana waliokuwa wakitembea tu bustanini. Ya mji wao ilianza na wachimba makaa kumi na mmoja waliotoka shimoni Jumamosi, wakaukuta mpira kabla ya kufika nyumbani kuoga. Baba yake alikuwa mfupi, miguu imepinda, anacheza winga ya kushoto. Asubuhi alichimba makaa, mchana alicheza, na shingo yake haikuwahi kuwa safi.

"Mpira yao ngozi," alisema. "Mvua kunyesha, mpira kunywa maji, kuwa zito kama mawe. Piga kichwa, sahau jina ya mama yako."

Namba kumi na moja wetu alikuwa Kiprono, mchuma majani kutoka Kimulot, mkimya kazini na shetani uwanjani. Watu walianza kumwita Sandi kwa ajili ya kola yake. Kila mchezaji alipata jina la Kiskoti namna hiyo. Beki wetu mmoja, mzee wa kanisa, aliitwa Jok mpaka anastaafu.

Tukafika fainali, tucheze na timu ya wapasua mbao wa Londiani. Wiki hiyo Injinia akaja stoo anakimbia, barua mkononi. Baba yake anakuja. Mzee Sandi mwenyewe, kutoka Skotilandi, kuona jezi zake nyeupe zikichezewa mpira chini ya jua la Afrika. Nikamwambia jua asimwahidi.

Alhamisi nilifua zote. Nilipozipeleka darini nikakuta hakuna nafasi, maana majani yalikuwa yamefurika msimu huo na kila kitanda kimejaa. Nikashuka chini kwenye chumba cha draya, ile mashine inayokausha chai kwa moto. Palikuwa na joto tamu. Mtu wa draya alikuwa ameenda kula, kwa hiyo hapakuwa na wa kunizuia. Nikafunga waya, nikaanika jezi kumi na tatu zinazodondosha maji, nikaenda nyumbani nikijisifu.

Draya hutoa vumbi la chai. Kila mtu kiwandani alijua hilo isipokuwa mimi. Ijumaa asubuhi nilizikuta zimejaa madoa ya kahawia toka kola mpaka pindo, utafikiri ngozi ya twiga. Nikaketi juu ya gunia nikalia kama mtoto. Niliona nyumba yangu ikienda, nikaona jinsi dada yangu atakavyoniangalia.

Kiprono alinikuta hapo. Alikuja kuuliza jezi yake. Alipoiona alicheka kwanza, halafu akaniona uso, akaacha.

"Dada, sasa utafanya nini? Yule mzee amefika jana. Ako kwa nyumba ya Injinia."

Tukazibeba mpaka stoo, ambako kulikuwa na chupa ya dawa ya kung'arisha. Nikaishika, nikafungua kizibo. Kwa nusu saa tu madoa yangekwisha, na nyumba ningepata. Kisha nikageuza kola ya namba kumi na moja, nikasoma lile jina. Mtu ametoka ng'ambo ya dunia kuja kulisoma. Nikafunga chupa nikairudisha mahali pake.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Alipokuwa akipika nyuzi za vikapu na rangi ikashika vibaya, hakujaribu kuitoa. Alirudisha nyuzi zote chunguni, zikaiva sawasawa. Nikamtuma Kiprono alete chai ya kufagia, ile iliyomwagika sakafuni. Tukaikoroga kwenye pipa na chumvi ya kushikisha rangi, tukawasha kuni, tukatumbukiza jezi zote. Yeye alikoroga kwa mpini wa jembe huku akiimba wimbo wa kanisani. Ziliiva mpaka adhuhuri. Zilipotoka hazikuwa na doa hata moja. Zilikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa, ile tunayoiita strungi, na ndani ya kola wino ulikuwa mweusi vilevile.

Jumamosi nilizipeleka uwanjani. Welfea alinitazama, akatazama jezi, akanitazama tena.

"Kemunto! Nani alikuambia ubadilishe rangi ya timu? Hii ni timu ama ni jikoni? Enda ulete sanduku yako."

Injinia hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Masikio yake yalikuwa yamepauka.

"Baba yangu nasafiri siku mbili kuona nyeupe," akasema. "Basi. Vaa tu. Hakuna ingine."

Nikaleta sanduku langu, nikaliweka kando ya mstari wa pembeni. Kama ni kufukuzwa, nitafukuzwa baada ya kipenga cha mwisho.

Londiani walivaa njano safi. Walikuwa majitu, wamezoea kubeba magogo, na kipindi cha kwanza walitufunga moja. Saa kumi mvua ikaja kwa zamu yake. Uwanja ule ulikuwa wa mteremko, na kwa dakika chache ukawa uji. Wapasua mbao wakaanza kuanguka. Kila aliyeanguka aliinuka na rangi ya tope, na tope letu likikutana na njano, sijui nani aliliagiza, linatoa kahawia ileile ya strungi.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Beki wa Londiani akampasia mwenzake, na mwenzake akawa ni Kiprono. Kiprono hakushukuru, alikimbia nao mpaka golini. Tukawa sare, moja kwa moja. Watu walicheka mpaka wakashikana. Dakika za mwisho kipa wao mwenyewe aliurusha mpira kwa mkono, taratibu kabisa, ukatua miguuni mwa Jok, yule mzee wa kanisa, ambaye hakuwa amefunga goli tangu azaliwe. Mbili moja. Kutoka kwa watu waliojaa kwenye chai ya mteremko ule zikapanda sauti, "Strungi! Strungi!" Na jina hilo ndilo klabu yenu inalo mpaka leo. Msiambiwe kwamba lilipitishwa na kamati.

Nilifurahi, lakini nilijua sanduku linaningoja. Nilipogeuka kulichukua nikakuta kizee cha kizungu kimelikalia, miguu imepinda, koti limelowa. Alikuwa amechoka kusimama akaketi pa kwanza alipopaona. Injinia akaja mbio, na Welfea nyuma yake.

Mzee Sandi alimwita Kiprono, akaomba jezi. Akageuza kola. Akalipapasa lile jina kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Kisha akauliza jambo, na Injinia akatafsiri.

"Nauliza nani nafua hii."

Nikainua mkono. Mzee akanitazama, akaanza kucheka, akasema maneno mengi, na Injinia alitafsiri akijifuta macho.

"Nasema mama yangu nafua hizi shati miaka mingi. Yeye naandika hii majina, sababu wanaume napigana kwa shati. Kila wiki nalia, maana nyeupe nakaa dakika kumi tu, halafu tope. Nasema kama mama yangu najua chai, angefanya kama wewe. Nasema hii ndio rangi yao ya kweli."

Kisha mzee akaomba wino. Akaletewa ule wa kuandikia masanduku ya chai, akampa Kiprono aandike jina lake chini ya SANDY. Nikamwona Welfea akikohoa, akatoa kitabu chake mfukoni.

"Kemunto ni na K ama C?" akaniuliza, kana kwamba hakujua.

Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu. Injinia alirudi kwao, nikaletewa Meneja wa kwanza Mwafrika, aliyependa hesabu kuliko mpira lakini hakugusa jezi zangu. Wakanihamishia tarafa ya Kimulot miaka sita, nikarudishwa. Ikaja mashine ya kufua, nikaitazama kwa dharau mpaka baridi ya asubuhi iliponishinda mifupa, tukapatana. Zile jezi za pamba zilichakaa moja baada ya nyingine, nikawa nakata zilizokwisha kutia viraka zilizobaki, mpaka ikabaki namba kumi na moja peke yake. Kila winga aliyeiacha aliandika jina lake chini ya aliyemtangulia. Niliyasimamia majina hayo yote, na wino nilichagua mimi.

Siku niliyostaafu walinikalisha mbele kama bibi harusi. Vijana wa timu huniita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, nami Mkisii nimekubali. Nahodha akanikabidhi ile jezi, akasema nikashone kola mara ya mwisho, imefumuka. Niligeuza kola nione. Chini kabisa, pale ambapo nafasi ilikuwa imekwisha, kulikuwa na jina jipya. KEMUNTO. Sijawahi kucheza hata dakika moja.

Nikainua macho nikamwona Kiprono, mzee mwenye goti bovu, anajificha nyuma ya chupa ya soda. Nililia mbele ya watu wote, sikuona haya. Halafu nikatazama vizuri.

"Kiprono, umeandika na kalamu ya bairo?"

"Ndiyo, dada."

"Miaka yote hii umenitazama nikifua, na unaandika na bairo? Hii inatoka kwa maji ya kwanza!"

"Basi shona," akasema. "Si ni kazi yako?"

Nilifika nyumbani nikatafuta sindano hata kabla ya kuvua viatu. Nikalishona jina langu juu ya wino wake, herufi kwa herufi, kwa uzi mweupe.