Mkwe Juu ya Ukuta wa Mawe

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa reli pale Voi, kijana asiye na mke, mwenye kamera ya boksi niliyoitunza kama yai. Siku za mapumziko tulikuwa tukitoka watatu. Tulipanda gari moshi la kwenda Taveta tukashuka njiani, au tukadandia lori la mboga hadi milimani. Tulitembea, tukala tulichobeba, nikawapiga wenzangu picha, na jioni tukarudi. Mmoja wa wenzangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mwingine alikuwa mwalimu, mrefu, mtanashati, aliyeangalia uso wake kwenye kila kioo cha dirisha alichopita.

Huyo mwalimu ndiye ninayemsema hapa. Mimi nimezeeka, lakini hasira yangu kwake bado inatembea bila mkongojo.

Siku moja tulikuwa tunavuka kijito kule Bura. Nilimpa mwalimu kamera anishikie, nikateleza, nikaanguka kifudifudi topeni, na suruali ikapasuka nyuma yote. Nikiwa bado nimepiga magoti na viganja chini, nikasikia kamera ikilia.

"Hiyo usiioshe," nilimwambia.

"Ah, utani tu, ndugu yangu," akacheka.

Wiki ile nilikuwa zamuni, naye alikuwa anakwenda Mombasa kumwona shangazi yake, akajitolea kupeleka filamu kwa mpiga picha aliyekuwa akituoshea. Nilimpa. Aliporudi alinikabidhi picha zote isipokuwa ile, akaniapia kwamba iliungua.

Wakati huo nilikuwa na msichana Werugha, aliyekuwa akijifunza ushonaji. Tulikuwa tumezungumza, si sana, lakini vya kutosha hata nikamwomba mjomba wangu twende kwao aniposee. Tulipofika, kaka zake walikuwa mlangoni wamejishika mbavu kwa kicheko. Baba yao hakucheka. Alitoa picha mfukoni, akaiweka mezani mbele ya mjomba.

"Huyu ndiye mnayeniletea?"

Mjomba aliitazama, akavaa kofia yake, akasimama. Tuliteremka mlima ule hatujanywa hata chai. Haukupita muda nikasikia kwamba mwalimu ndiye aliyeipeleka picha ile, na kwamba sasa anapokewa katika nyumba ileile kama mkwe.

Nilimsalimia kama kawaida, nikaendelea kumpiga picha, na kila nilipomtazama ndani ya kile kidirisha kidogo cha kamera nilijiambia: siku yako itafika.

Aliileta mwenyewe. Alitaka twende Werugha nimpige picha na mchumba wake, awapelekee wazazi.

"Wewe ndiye mpiga picha wetu," akasema.

"Bila shaka," nikamjibu.

Asubuhi hiyo ukungu ulichelewa kuondoka. Mwalimu alivaa suti mpya aliyoshonewa na rafiki yetu fundi. Msichana alikuwa amemfungua mtamba wao, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa bado, anampeleka majanini. Mwalimu akadai kamba aishike yeye, aonekane mtu wa mifugo. Mtamba akainamisha kichwa, akakoroma puani. Basi! Mwalimu aliitupa kamba, akamsukuma msichana, akaparamia ukuta wa mawe ulioshikilia shamba la juu. Msichana alianguka ndani ya kabichi. Akainuka, akaidaka kamba, akamtuliza mnyama kwa maneno ya Kidawida, lugha ya kwao, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Mwalimu alikuwa bado juu, goti moja kwenye mawe, kofia imeanguka, matako yametuelekea.

Sikuharakisha. Niliwaweka wote watatu, mtamba naye, vizuri ndani ya kidirisha cha kamera, nikabonyeza.

"Hiyo usiioshe!" akapiga kelele.

"Ah, utani tu, ndugu yangu."

Filamu ile niliipeleka Mombasa mwenyewe. Picha nikaikuza, nikaitia fremu, nikapanda nayo Werugha. Baba wa msichana aliipokea kwa mikono miwili.

"Mtamba wangu ametoka vizuri," akasema. Kisha akaisogeza karibu na macho. "Na huyu aliye ukutani?"

"Ni mkwe wako, Mzee."

"Na aliye na kamba ni binti yangu." Uchumba ulikufa hapo, nikiwa nimeketi, nami niliuona ukifa.

Msichana alileta chai, akaitazama ile picha, akanitazama na mimi.

"Yeye alileta yako, wewe umeleta yake," alisema. "Kuna mmoja wenu aliyekuja kuniuliza mimi?"

Nilipomtuma tena mjomba, msichana alikataa. Baadaye aliolewa Taveta, kwa mkulima wa ndizi. Liliniuma, sitadanganya.

"Sasa umepata nini?" fundi aliniuliza.

"Nimepata kumwona mwalimu juu ya ukuta."

Nakala nyingine niliitundika kibandani mwa fundi, karibu na kioo cha wateja. Fundi hakupenda, lakini hakuitoa. Wanafunzi waliipita wakienda shule, na punde mwalimu akawa hawezi kugeukia ubao bila sauti ya ng'ombe kutoka viti vya nyuma. Akaomba uhamisho.

Siku ya kuondoka, pale stesheni, alikuta ni mimi niliye kwenye mizani ya mizigo. Nilipima masanduku yake moja moja, nikayarudia, huku gari moshi likipiga honi na jasho likimshuka shingoni.

"Ndugu yangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mpaka lini?"

Nikamwambia asogee nyuma ya mstari, kuna abiria wengine wanangoja.